Tangi la Maji Machafu Haliazimwi

Nimestaafu. Najua mtacheka, maana kwa kawaida mtu husubiri mvi kwanza, na mimi wapishi wa harusini bado wananiita mtoto. Lakini kazi ya tangi haifuati umri wa mtu, hufuata umri wa mgongo, na wangu umeshakuwa bibi. Kuanzia mwezi ujao nitakaa ofisini Wete, nyuma ya meza, nikishughulikia uchafu ulio kwenye makaratasi tu. Nyinyi mnaopokea kazi yangu katika kambi ya Vitongoji mmeniomba niwaandikie ninachokijua. Bi Raya, mwenye kambi, amesema ukurasa mmoja unatosha. Bi Raya hajawahi kulivuta tangi.

Vyeo sitavitaja, kwa kuwa havikuwepo. Mshahara sitautaja, kwa kumstahi mwenye kambi. Naanza na siku ya kwanza.

Siku hiyo nilikwenda Madungu, nyumbani kwa Bi Raya, nikiwa nimebeba shahada yangu ya mazingira ndani ya bahasha, na bahasha ndani ya mfuko wa plastiki, na mfuko ndani ya mkoba, isije ikanyesha. Hakukuwa na wingu hata moja. Bi Raya ni mjane, mtoto wa familia iliyokuwa na mikarafuu mingi zamani. Siku hizi amebakiwa na shamba moja tu, lile la Vitongoji lenye kutazama bahari. Badala ya kuliuza, aliagiza magari matatu yaliyotumika kutoka Japani, yale yenye kitanda, jiko na choo ndani, akayaegesha pale ili watalii waje kulala humo. Kwa nini mtu asafiri nusu ya dunia aje alale ndani ya gari lililosimama, sikuuliza. Nilikuwa natafuta kazi.

"Umesomea mazingira?" akaniuliza.

"Ndiyo, Bi."

"Basi njoo nikuoneshe mazingira." Akanipeleka hadi shambani, akainama, akanyoosha kidole chini ya gari.

Kila gari lina matumbo mawili. Moja hupokea maji ya sinki na ya kuogea, la pili hupokea ya chooni. Yakijaa, lazima yamwagwe kwenye karo, yaani shimo la majitaka, na karo letu lilichimbwa juu kabisa, kando ya barabara, mbali na kisima cha kijiji. Ukitaka kulipeleka gari lenyewe karoni, wageni wakunje kitanda, wafunge makabati, washike vikombe vyao mapajani, kisha gari lizame mchangani na sote tutoke kusukuma. Ndiyo maana likahitajika tangi la kuhamishika: unaliweka chini ya gari, unaunga bomba, unafungua, yanashuka, unafunga, unalivuta hadi karoni. Kazi nyepesi sana ukiwa unaieleza.

Kabla hajafika mgeni wa kwanza, alifika Sheha, mkuu wa kijiji. Mnamjua: mtu mrefu, mpole, anayesema polepole kiasi kwamba unapata muda wa kuliogopa kila neno. Akayatazama magari, akakitazama kisima kilicho chini ya mteremko wetu, akamwambia Bi Raya:

"Bibi, ardhi ni yako, sina neno. Lakini kijiji ni chetu sote. Siku najisi ya wageni wako itakapowagusa watu wangu, mara moja tu, magari yako utayaondoa."

"Haitawagusa, Sheha," alijibu Bi Raya. "Nina msomi."

Wote wakanigeukia. Tangu siku ile usingizi wangu umekuwa wa vipande vipande.

Kuhusu kuchagua tangi. La kwanza Bi Raya alilinunua mwenyewe, kwa kulitazama. Lilikuwa refu, limesimama kama askari wa gwaride. Sasa, bomba la gari hutokea chini kabisa, karibu na ardhi, na maji machafu, kwa bahati mbaya, hayajui kupanda. Mdomo wa tangi ulikuwa juu ya mdomo wa bomba. Nikachimba shimo mchangani, nikalishusha tangi humo, likajaa vizuri sana. Ndipo nikatambua kwamba nimelizika. Kulitoa tangi lililojaa shimoni kunataka wanaume wanne, na wanaume wanne wakishajua kilichomo hubaki mmoja, naye anasema ana miadi. Kwa hiyo tangi liwe fupi na pana, lilale chini kama kasa, mdomo wake uwe chini ya mdomo wa bomba. Pimeni kabla ya kununua. Mimi sasa hupima mara saba, lakini si lazima muwe wagonjwa kama mimi.

La pili lilikuwa dogo. Tangi likiwa dogo kuliko tumbo la gari, utakwenda karoni safari mbili au tatu, na kila safari utaifunga valvu katikati ya shughuli huku mgeni ndani hana habari, anaendelea na maisha yake. Kubwa mno nalo ni balaa, kwa sababu lita ya maji ni kilo nzima hata ikichafuka vipi, na mteremko wetu ukiwa unakwenda karoni ni mpando. Chagueni linalomeza tumbo moja lote na kubakisha nafasi kidogo, na ambalo mtu mmoja mwenye hasira anaweza kulivuta.

Magurudumu ndiyo tangi lenyewe. Yale membamba ya plastiki hukata mchanga kama kisu kwenye halua, yakazama hapo hapo. Tafuteni ya mpira, manene. Tazameni pia kama lina kijicho cha kuonesha limejaa kiasi gani, maana njia nyingine ya kujua kwamba limejaa ni miguu yako.

La tatu, lililotoka Dar, lilikuwa na yote hayo. Lilikuwa pia la rangi ya buluu. Matangi haya karibu yote ni ya buluu. Sijui mtengenezaji aliwaza nini, huenda kwao buluu ni rangi ya onyo. Kwetu, kama mjuavyo, pipa la buluu ni la maji ya kunywa. Niliwaza juu ya jambo hilo wiki nzima. Nilikuwa nawaza pia kama kamba ya kuvutia iwe ya katani au ya nailoni. La kamba nililipatia ufumbuzi.

Kulitumia nilifundishwa na Mzee Faki, ambaye kabla ya uzee aliendesha gari la kunyonya makaro Chake Chake, na ambaye Bi Raya alimwita aje kunisimamia mpaka nizoee. Alisimamia akiwa amekaa. Somo lake la kwanza lilikuwa tundu la pumzi, kile kifuniko kidogo kilicho upande wa pili wa tangi.

"Ukilisahau lile," alisema, "tangi litakukoholea."

"Mzee, limewahi kukukoholea?"

"Ijumaa. Nina kanzu nyeupe."

"Ukafanyaje?"

"Nikasali adhuhuri nyumbani. Fungua kile kifuniko, wacha maswali."

Somo la pili: tumbo la choo kwanza, la sinki baadaye, ili maji ya sabuni yasuuze bomba. La tatu: usijaze mpaka juu, maana tangi likianza kutembea na maji ya ndani nayo yanatembea, kila kimoja kwa mwendo wake. La nne: vuta polepole, usilipitishe kamwe njia ya kisimani, na usiwe na aibu. Nikamuuliza somo la tano. Akasema la tano ni kuoga.

Kuosha tangi hakunifundisha. Hilo nililibuni mwenyewe. Kila baada ya kumwaga nilikuwa nalisuuza, nalisugua kwa sabuni, nalitia dawa ya kuua vijidudu, nalisuuza tena, namwaga ndani maji ya ndimu, kisha nalipindua juani. Yote hayo kule kule karoni. Kisha nalifuta kwa nje na kulirudisha bandani, karibu na mapipa ya maji ya wageni. Nilikuwa naona nikiacha hata doa, Sheha ataliona akiwa barazani kwake.

Mzee Faki alikuwa akinitazama ninavyosugua. "Wewe mtoto," akasema siku moja, "wataka kuliposa?"

Tukakaa hivyo misimu kadhaa bila tone kumwagika. Wageni waliandika kwamba kambi ni safi. Bi Raya akaanza kulala. Mimi nikaanza kuogopa zaidi, kwa kuwa kitu ambacho hakijatokea bado kina nafasi yote ya kutokea.

Ikaja harusi ya binti wa Sheha. Mchumba alikuwa wa Wete, na jamaa zake walitazamiwa mchana kwa chakula. Utaratibu wa kijiji mnaujua: shughuli ikikaribia, kinamama huzunguka nyumba hadi nyumba kuazima vyombo. Kumnyima mtu sufuria siku ya shughuli yake ni kuukata ujirani. Na mtu haji kuazima kwako ikiwa ana neno na wewe. Akija, maana yake mko pamoja. Kwetu kambini hakuwahi kuja mtu.

Siku hiyo nilikuwa Chake Chake kutafuta mpira wa kuzuia mvujo kwenye kiungo cha bomba. Niliporudi, banda lilikuwa tupu. Bi Raya, ambaye alikuja kukagua kambi, alikuwa amekaa kizingitini, uso unamng'ara.

"Bi, tangi liko wapi?"

"Lipi?"

"Lile la buluu."

"Yote ya buluu nimewapa. Bi Time mwenyewe alikuja, mke wa Sheha! Kaingia kwangu, kakaa, kanywa chai. Nikamwambia ingia bandani, chukua chochote. Wamechukua masufuria, mikeka, mapipa."

"Na lile lenye magurudumu?"

"Hilo ndilo walilolipenda zaidi. Wamesema halitawatesa kubeba maji."

Nilikuwa na njia nyingi za kumweleza. Nilizipanga zote kichwani kuanzia ya upole hadi ya kisayansi, kisha nikasema, "Bi, lile ndilo la choo."

Akanitazama. "Lakini linanukia ndimu."

"Ndiyo, Bi."

Msinilaumu kwamba hakulijua. Mwenye kambi huyu, tangu alipoonesha kidole chini ya gari siku ile, hakuinama tena. Akaushika mlango, akasema neno moja tu, "Shamba langu."

Mzee Faki alinipakia kwenye pikipiki yake. Njiani alinipa ushauri wa hekima yake yote.

"Nyamaza. Umeliosha mpaka limechubuka. Nani atajua?"

"Watakula, Mzee! Watu watapika kwa maji yale!"

"Basi sema."

"Nikisema, magari yanaondoka. Sheha ameshatoa sharti."

"Basi nyamaza. Unayo mawili tu, mtoto wa watu, usitafute la tatu mpaka pilau likaiva."

Nililitafuta la tatu mpaka tulipofika.

Uani kwa Sheha wapishi walikuwa wamekaa kwa duara, wanamenya vitunguu, na tangi langu limesimama katikati yao limejaa maji ya kisimani, limefunikwa kwa kawa iliyotarizwa, kama bibi harusi. Sijawahi kuliona limependeza vile. Mmoja wao alikuwa anachota kwa kata.

"Karibu, mwanangu!" akasema Bi Time. "Tangi lenu zuri, wallahi. Twalivuta tu kama kitoto."

"Bi Time, shikamoo. Samahani, kuna mtu amekunywa maji haya?"

"Marahaba. Ya kunywa yako mtungini. Haya ndio kwanza yamefika, tumeoshea mchele ule tu." Akaonesha beseni kubwa. "Kwani vipi?"

Hapo ndipo elimu yangu iliponisaidia. "Bi Time," nilisema, "kile ni chombo maalumu kwa ajili ya uhamishaji wa majitaka yatokanayo na shughuli za malazi."

"Alaa," akasema Bi Time kwa heshima. "Mwenzangu, mpe maji ya kunawa, huyu ametoka mjini." Na yule mwenye kata akachota tena.

"Ni la mavi!" nikapiga kelele. "Bi Time, tangi ni la mavi ya wageni!"

Visu vikasimama katikati ya vitunguu. Kata ikaanguka. Mama mmoja mzima, ambaye mkono wake ulikuwa ndani ya beseni la mchele hadi kiwikoni, aliutazama mkono ule kama si wake.

"Nimeliosha," nikaongeza. "Kwa ndimu."

"Mwageni," akasema Bi Time taratibu.

"Mchele nao?"

"Mchele nao! Wataka tuupike kwa nia njema?"

"Tuwape kuku?" akauliza mmoja.

"Na kuku hao wataliwa na nani? Mwageni!"

Kelele zilimtoa Sheha ndani, amevaa joho la harusi. Bi Time alimweleza kwa maneno machache, akitumia lile neno langu fupi. Sheha akanitazama, akalitazama tangi na kawa yake, akasema kwa mwendo wake ule ule, "Harusi ikipita nitakuja huko kwenu." Kisha akarudi kwa wageni wake wa Wete, ambao walikula wamechelewa na wakaambiwa wali umeungua. Uongo huo ulidumu mpaka alasiri. Baada ya hapo nadhani hata Tanga walikuwa na habari.

Nililivuta tangi kurudi kambini nikiwa na mashuhuda pande zote mbili za njia.

Siku zilizofuata sitazieleza sana. Bi Raya hakunigombeza, jambo lililoniumiza kuliko kugombezwa. Alihamia kambini, akawa anakaa kivulini mwa gari la mwisho akilitazama shamba. "Baba yangu aliyauza mashamba yote," aliniambia, "hili akaliacha kwa sababu kitovu changu kimezikwa hapa. Sasa nitawaita watu wa kununua magari, na baada ya magari watataka na ardhi." Mimi niliandika utetezi, nikaufuta, nikauandika tena. Katika utetezi wa mwisho nilikuwa nimetaja kemia.

Sheha akaja peke yake, mchana, kwa miguu. Bi Raya akasimama. Mzee Faki, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, naye akasimama.

"Kuna gari linalotaka kumwagwa?" Sheha akauliza.

"Lipo," nikasema.

"Mwaga nione."

Nilimwaga. Sijawahi kufanya kazi ile kwa adabu kama siku ile. Nikavaa glavu, nikafungua tundu la pumzi, nikaunga bomba, nikakaza, nikafungua choo kwanza. Sheha alichuchumaa pembeni yangu, anatazama kila kiungo. Nilipofunga kifuniko akasogeza pua, akavuta hewa.

"Halitoi harufu."

"Halitoi, Sheha, likifungwa vizuri."

"Na mtu akilivuta njiani, wapitao hawajui kilichomo."

"Hata kwako hawakujua, Sheha," nikasema, na hapo hapo nikatamani nimezwe na karo.

Bi Raya alifumba macho. Mzee Faki akakohoa. Sheha alibaki amechuchumaa, mkono umeshika gurudumu. Tukafuatana hadi karoni, nikamwaga, nikaosha. Huko juu, tulipokuwa wawili tu na Bi Raya anapanda taratibu nyuma yetu, akaanza kusema bila kunitazama.

"Mama yangu yuko chumba cha ndani tangu mwaka jana. Miguu imekataa, hawezi kwenda msalani. Anatumia ndoo. Na ndoo ikitoka hupita ukumbini, mbele ya watoto, mbele ya wake wa watoto, mbele ya mgeni aliyekuja kumjulia hali. Inanuka. Anaona haya. Anakataa kunywa maji, makusudi, ili isijae. Daktari anasema kisa cha kuumwa kwake ni kiu."

Bi Raya alikuwa ameshafika. Sheha akageuka kwake, akaweka mkono kifuani.

"Bibi, nimekuja kuazima."

Sikuelewa mara moja. Nilikuwa bado nasubiri kuyasikia magari yakitajwa, na nilikuwa na sentensi ya kemia mdomoni. Bi Raya ndiye aliyeelewa. Machozi yalimtoka kabla ya jibu.

"Chukua, Sheha. Chukua hata leo."

"Bi," nikanong'ona, "kuna gari mbili zimejaa. Tutafanyaje?"

"Tutasukuma," akasema Bi Raya. "Nyamaza."

Tangi mtakalolikuta bandani, basi, ni la nne, na nimelipaka rangi nyeusi mwenyewe. Mpaka lilipofika tulisukuma magari hadi karoni, wageni wakiwa na vikombe mapajani, na Bi Raya mwenyewe anasukuma. Kuhusu la tatu, msiliulizie kijijini.

Siku ile nilitaka kumpelekea Sheha tangi hadi nyumbani, akakataa. Nikamweleza ndoo imwagwe humo chumbani kwa mama na tangi litoke limefungwa, nikamweleza tundu la pumzi, nikamweleza asijaze mpaka juu, nikamweleza mara ya pili, akanisikiliza mara zote mbili. Nikampa glavu zangu, akazivaa. Kisha akaishika kamba, akaondoka nalo kwa njia kubwa ya kijiji, jua la adhuhuri, watu wote wako barazani, na wote wanalijua tangi lile ni la nini. Nilisimama karoni nikitazama. Wakamwamkia mmoja mmoja, wazee kwa watoto. Akawajibu wote kwa sauti, kwa majina yao, bila ya kumpa mtu mkono.